Mtoto Akikalia Kiti cha Jaji

Sade ana miaka 12. Mama yake ameuawa kwa risasi mbele ya nyumba yao mjini Lagos, risasi iliyokusudiwa baba, mwandishi wa habari ambaye makala zake zimewakera wanajeshi wanaotawala. Yeye na mdogo wake Femi wamevushwa kwa siri hadi London, na mwanamke aliyelipwa kuwasindikiza amewaacha huko peke yao. Sasa yuko katika shule ngeni na wasichana wawili wanamwandama. Siku moja wanampa amri: akaibe kiberiti cha gesi dukani. Duka lenyewe ni la jamaa wa Mariam, msichana wa Kisomali aliye mkimbizi kama yeye. Sade anaiba.

Ukisoma sura hiyo na watoto wa darasa la sita kisha ukawauliza, "Tumepata fundisho gani?", watakujibu kwa pamoja na haraka: wizi ni mbaya. Wamekupa unachotaka kusikia, na mazungumzo yamekufa hapo hapo. Waulize badala yake: "Nyinyi ndio majaji wa tuzo. Sura hii inakiongezea kitabu alama au inakipunguzia?" Mmoja atasema inapunguza, kwa sababu mwandishi alikwisha kutufanya tumpende Sade, na sasa kamharibu. Mwingine atapinga: kabla ya hapo Sade alikuwa mwema mno, hakufanana na mtu. Wa tatu atauliza mbona hakwenda kumwambia mwalimu. Na yule ambaye kwa kawaida hafungui mdomo atamjibu kwamba mtoto asiye na karatasi katika nchi ya watu anamwogopa hata mwalimu.

Kitabu hicho ni The Other Side of Truth cha Beverley Naidoo, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye kitabu chake cha awali, Journey to Jo'burg cha mwaka 1985, kilipigwa marufuku na serikali ya makaburu hadi 1991. The Other Side of Truth kilipata Medali ya Carnegie ya mwaka 2000, tuzo kongwe kuliko zote za vitabu vya watoto nchini Uingereza. Nakitaja mwanzoni kwa sababu kinabeba vizuri jambo ninalolitetea katika safu hii: riwaya iliyoteuliwa kuwania tuzo inafaa kuliko kitabu kingine chochote kwa mazungumzo na wasomaji wadogo, na inafaa kwa sababu kesi yake bado iko wazi. Kitabu kimo kwenye orodha pamoja na vingine vichache. Mshindi hajatangazwa. Watu wazima wenye kazi hiyo hawajakubaliana. Mtoto anapokisoma katika kipindi hicho, hakuna mtu chumbani mwenye jibu mfukoni, na mtoto analijua hilo.

Linganisha na yanayotokea kwa riwaya zinazowekwa kwenye mtaala wetu. Kabla wanafunzi hawajamaliza sura ya kwanza, miongozo imeshajaa madukani: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, wahusika na sifa zao. Mwanafunzi anayekariri mwongozo bila kuifungua riwaya yenyewe anaweza kumshinda aliyeisoma mara mbili akaja na mawazo yake. Simlaumu mwalimu. Ana darasa la wanafunzi wengi, ana mtihani wa taifa mbele yake, na mtihani unataka hoja zinazosahihishika. Lakini tukubali gharama yake. Mtoto anajifunza mapema kwamba kila kitabu kina majibu yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, na kwamba kazi ya msomaji ni kuyatafuta majibu hayo na kuyarudisha kama yalivyo.

Fasihi simulizi yetu haikuwa hivyo wakati wote. Tunakumbuka zaidi ngano zenye funzo la wazi, sungura mjanja na fisi mlafi, tukasahau zile zilizoishia kwenye swali. Vijana watatu wanampenda binti mmoja. Mmoja ana kioo cha kuonea mbali, anaona binti amekufa. Wa pili ana mkeka unaopaa, unawafikisha wote. Wa tatu ana dawa, anamfufua. Nani amwoe? Msimulizi ananyamaza hapo, na usiku uliobaki ni wa wasikilizaji. Watoto walibishana na wakubwa bila kuambiwa wamekosa adabu, kwa sababu hadithi yenyewe iliwapa ruhusa. Orodha ya vitabu vinavyowania tuzo inarudisha ruhusa hiyo.

Waingereza wameutumia mlango huu kwa muda mrefu. Medali ya Carnegie ilianzishwa mwaka 1936 na chama cha wakutubi kwa kumbukumbu ya Andrew Carnegie, tajiri aliyefadhili ujenzi wa maktaba, na waamuzi wake hadi leo ni wakutubi. Tangu miaka ya 1990 kuna mpango unaokwenda sambamba na kazi yao. Orodha fupi ikitoka, vikundi vya kusoma mashuleni na maktabani, vinavyofikia maelfu, huvichukua vitabu vile vile, huvisoma, huvijadili kwa vigezo vile vile, kisha watoto huchagua mshindi wao. Wakati mwingine hawakubaliani na wakubwa. Mwaka 2021 medali ilikwenda kwa Look Both Ways cha Jason Reynolds, hadithi kumi za watoto wanaorudi nyumbani kutoka shule. Watoto walichagua Run, Rebel cha Manjeet Mann, riwaya ya kishairi kuhusu msichana mkimbiaji anayeishi chini ya baba mkali. Hakuna aliyewasahihisha. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2003 tuzo yao ya taifa ya fasihi ya vijana ina jopo la vijana watupu, linaloundwa na klabu sita za kusoma, nalo hutoa tuzo yake kamili jukwaani pamoja na zile za watu wazima.

Wamarekani wana Medali ya Newbery, iliyoanza kutolewa mwaka 1922. Kamati yake ina watu 15 na majadiliano yao ni siri ya maisha, lakini vigezo vyao ni vya wazi. Hutazama namna mada ilivyofasiriwa, mpangilio wa matukio, wahusika, mandhari na mtindo. Kisha kuna sharti moja ambalo ningependa kila mwalimu wa fasihi alisome: tuzo haitolewi kwa sababu kitabu kina mafundisho, wala kwa sababu kinapendwa na wengi. Shule nyingi za Marekani huendesha Newbery zao za majaribio kabla ya tangazo la kila Januari, na watoto hulazimika kuliheshimu sharti hilo. Jaribu kulileta kwenye darasa letu uone. Mtoto aliyezoea kusema "kitabu hiki ni kizuri kwa sababu kinatufundisha kuheshimu wazazi" anaulizwa atetee kitabu kile kile bila sentensi hiyo. Mwanzoni anakwama. Baada ya muda anaanza kutazama kitabu kilivyotengenezwa: nani anasimulia, habari gani imefichwa na kwa muda gani, kwa nini sura inakatika pale inapokatika. Fundisho halitupwi. Linachelewa kidogo, na likifika linakuwa la mtoto mwenyewe.

Kuhusu namna ya kuongoza mazungumzo, watu wawili wamenisaidia kuliko wengine. Wa kwanza ni Aidan Chambers, Mwingereza aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi, na aliyepata mwenyewe Medali ya Carnegie ya mwaka 1999 kwa Postcards from No Man's Land. Miaka ya 1990 alichapisha njia yake ya kuzungumza vitabu na watoto, ambayo msingi wake ni mambo manne: kilichokupendeza, kisichokupendeza, kilichokutatiza, na vitu ulivyoviona vikijirudia au vikifungamana. Chambers alishauri tukwepe kumrushia mtoto swali la "kwa nini" mapema. Kwetu ushauri huo una uzito wa pekee, maana "kwa nini" ya mwalimu ni swali la kesi. Mtoto anayeulizwa hivyo anaanza kujitetea au kuomba radhi. "Hebu niambie" inafanya kazi iliyokusudiwa. Hebu niambie ulifikiria nini ulipofika hapo. Hebu niambie ni wapi ulitaka kukifunga kitabu.

Jambo la tatu, kilichokutatiza, ndilo lenye utajiri zaidi, na ndilo linalorukwa. Watoto wetu wamefundishwa kuficha wasichoelewa. Ukianza wewe kusema wazi kwamba kuna mahali hapakukukalia sawa, wanafuata. Katika duara la wasomaji ninaloliendesha, vitendawili vya wiki huandikwa ubaoni kabla ya neno lolote la sifa au lawama, na mara nyingi muda huisha tukiwa bado kwenye ubao huo. Chukua The Giver cha Lois Lowry, kilichopata Newbery mwaka 1994. Mvulana Jonas anakimbia kutoka kwenye jamii isiyo na rangi, maumivu wala chaguo, akiwa amembeba mtoto mchanga, na katika kurasa za mwisho wako katika baridi kali, wakiteleza kuelekea taa na muziki. Wamefika au wanakufa? Lowry alitoa vitabu vingine baadaye vinavyotoa mwanga juu ya hatima yao, lakini mwache mtoto abaki kwanza na kitabu hiki peke yake. Wale wanaosema Jonas yu hai huenda kutafuta ushahidi ndani ya kurasa, na wale wanaosema amekufa huenda kwenye kurasa zile zile. Sijaona zoezi la ufahamu linalomrudisha mtoto kwenye matini mara nyingi kiasi hicho kwa hiari yake.

Msaada wa pili ulitoka kwa Ginny Moore Kruse na Kathleen Horning, wakutubi wa kituo cha vitabu vya watoto katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, walioandika miongozo mifupi ya majadiliano ambayo kamati za tuzo Marekani huitumia hadi sasa. Wanataka kila kitabu kitazamwe kwa kile kilicho, siyo kwa kile ambacho msomaji angetaka kiwe. Wanataka mazuri yasemwe kwanza, kisha kasoro. Na wanakataza kusimulia upya hadithi. Katazo hili la mwisho ni dawa kwa duara lolote la watoto, kwa kuwa mtoto mwenye wasiwasi hukimbilia kusimulia: "halafu akaenda, halafu akakuta, halafu…" Mwambie kwa upole kwamba wote tumesoma, na anatakiwa atuonyeshe ukurasa. Mazuri kwanza nayo yana sababu ya kiutu. Mtoto aliyekipenda kitabu akisikia kinapondwa kabla hajasema neno, hatasema tena siku hiyo.

Sasa nije kwenye jozi ya vitabu ambayo ningemshauri mtu yeyote wa Kenya, Tanzania au Uganda aanze nayo, kwa sababu vinahusu ardhi ya hapa kwetu na vimesafiri. Cha kwanza ni The Mzungu Boy cha Meja Mwangi. Kilitoka Kenya mwaka 1990 kwa jina la Little White Man, kikatafsiriwa Kijerumani, na tafsiri hiyo ikashinda mwaka 1992 tuzo ile ile ya Ujerumani niliyoitaja. Baadaye kikatolewa Kanada kwa jina lake la sasa. Cha pili ni Burn My Heart cha huyo huyo Naidoo, cha mwaka 2007. Vyote viwili vinasimulia urafiki kati ya mvulana wa Kikuyu na mvulana wa Kizungu kwenye shamba la walowezi, wakati wa Mau Mau na hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kwa Mwangi, Kariuki ni mtoto wa mpishi wa Bwana Ruin, na Nigel ni mjukuu wa bwana huyo aliyekuja kutoka Uingereza. Wanaingia msituni kumwinda ngiri mzee, na msitu huo una wapiganaji ndani yake, akiwemo kaka yake Kariuki. Kwa Naidoo, Mathew ni mtoto wa mwenye shamba na Mugo anafanya kazi jikoni kwao. Moto unazuka, Mathew anajua ulivyoanza, ananyamaza, na adhabu inawashukia akina Mugo.

Weka vitabu hivyo viwili mezani kana kwamba viko kwenye orodha moja fupi, na uwaambie watoto wachague kimoja. Wa kwangu waligawanyika kwa jambo ambalo sikulitarajia, nalo ni mlango wa kuingilia. Mwangi anasimulia kwa nafsi ya kwanza: kila kitu kinapita machoni na mdomoni mwa Kariuki, pamoja na ucheshi wake na viboko vyake. Naidoo anagawa kitabu, mara tuko na Mathew, mara tuko na Mugo. Mvulana mmoja alishikilia kwamba Burn My Heart kishinde kwa kuwa kinatupa pande zote mbili, na ndiyo haki. Msichana aliyekaa karibu na dirisha akasema haki hiyo inamsumbua. Kariuki, alisema, hajui Nigel anafikiria nini, na ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa mpishi. Mbona sisi tujue ambacho yeye hakuruhusiwa kujua? Mvulana akamrudishia: basi kwa Mwangi Nigel anabaki mgeni hadi mwisho, na huwezi kumhukumu mtu usiyemjua. Wakafungua vitabu. Ubishi huo ni ule ule unaowashughulisha wahakiki wa chuo kikuu wanapozungumzia mtazamo wa msimulizi, na watoto hao waliufikia bila kufundishwa istilahi. Istilahi niliwapa baadaye, ilipokuwa imeshapata kazi ya kufanya.

Kulikuwa pia na suala la ukimya wa Mathew. Je, mtoto anayenyamaza amesema uongo? Hapa kila mmoja alikuwa na hamu ya kusimulia ya nyumbani kwake, kioo kilichovunjika na mdogo aliyepigwa kwa ajili yake. Niliwarudisha kwenye kitabu, na nitafafanua sababu, maana waelimishaji wengi hufanya kinyume. Tumezoea kuamini kwamba kitabu kinamgusa mtoto pale anapokihusisha na maisha yake, hivyo tunauliza haraka: je, wewe imewahi kukutokea? Katika vitabu vya namna hii swali hilo linaweza kuumiza. Kwenye duara lolote la Afrika Mashariki yupo mtoto aliyepoteza mzazi, au ambaye familia yake ilikimbia vita Kongo, Burundi au Somalia. Sade anampa mtoto huyo mahali pa kujisitiri. Anaweza kusema chochote kuhusu woga wa Sade, hasira ya Sade, hatia ya Sade, na hakuna anayejua ni kiasi gani anazungumzia nafsi yake. Ukimuuliza kama ni yeye, umembomolea ukuta huo mbele ya wenzake. Akitaka kusimulia ya kwake atakufuata baadaye, mkiwa wawili.

Hapo ndipo ilipo pia hofu ya wazazi, nami naichukulia kwa uzito. Riwaya nyingi zinazoteuliwa siku hizi zina kifo, vita, ukatili wa nyumbani. Mwaka 2014 Carnegie ilikwenda kwa The Bunker Diary cha Kevin Brooks, kuhusu kijana aliyetekwa na kufungiwa chini ya ardhi pamoja na watu wengine, kisicho na mlango wa matumaini hata mwishoni. Magazeti ya Uingereza yalilalamika, na wapo waliouliza kwa nini mtoto apewe kitabu kama hicho. Jibu langu ni kwamba hiki ni cha vijana wa miaka 15 na kuendelea, na sitakiweka mbele ya mtoto wa darasa la sita. Orodha ya tuzo si cheti cha umri, na mwenye duara lazima asome kila kitabu kabla ya watoto. Lakini sikubali hoja ya pili inayofuatia hapo, kwamba basi tuwape watoto vitabu vitamu peke yake. Mauaji ya mama yake Sade yako mwanzoni kabisa mwa riwaya, na sijaona mtoto aliyeshindwa kuendelea. Wanachouliza ni kama baba alikuwa na haki ya kuandika ukweli akijua bei italipwa na familia. Hadithi inafanyika Novemba 1995, siku chache baada ya utawala wa kijeshi wa Nigeria kumnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa pamoja na wenzake wanane, kwa hiyo swali hilo lina jina la mtu na tarehe. Watoto wanastahili kuliuliza wakiwa wamekaa na mtu mzima anayewasikiliza.

Kuhusu lugha nina msimamo usiopendwa na baadhi ya shule za mchepuo wa Kiingereza. Vitabu vingi nilivyovitaja viko kwa Kiingereza, na watoto wanavisoma kwa Kiingereza. Mazungumzo yawe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kubishana kwayo, na kwa wengi wao hiyo ni Kiswahili. Mtoto anayetafuta kitenzi sahihi cha Kiingereza hana nafasi ya kutafuta hoja. Nimewaona wale wale waliokuwa wakijibu kwa sentensi za maneno matatu wakigeuka mawakili mara tu walipoambiwa waseme Kiswahili. Na mahali pa riwaya za Kiswahili zenyewe pasiwe pa ziada. Ndoto ya Amerika ya marehemu Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, na hamu ya vijana ya kwenda ng'ambo kwa gharama yoyote inawahusu watoto wa Mombasa, Kigoma na Bukavu kwa namna ambayo theluji ya Jonas haiwezi kuwahusu. Iweke kwenye orodha ya duara lako na uihukumu kwa ukali ule ule. Kuionea huruma kwa sababu ni yetu ni kuidharau.

Swali moja zaidi ambalo watoto huliuliza wenyewe wakishazoea kiti cha jaji: nani hayumo? Mwaka 2017 orodha ndefu ya Carnegie ilikuwa na vitabu 20 na hapakuwa na mwandishi hata mmoja asiye Mzungu. Kelele zilipigwa, ukafanyika uchunguzi huru wa namna vitabu vinavyoteuliwa, na mwaka 2019 Elizabeth Acevedo, Mmarekani mwenye asili ya Jamhuri ya Dominika, akawa mwandishi wa kwanza asiye Mzungu kupata medali hiyo, zaidi ya miaka 80 tangu ianzishwe. Watoto wakilisikia hilo hugundua kwamba orodha hutengenezwa na watu, na watu huona baadhi ya vitabu na kuvipita vingine. Kisha watauliza kwa nini kitabu cha Meja Mwangi kilivikwa taji Ujerumani. Liache swali hilo liwakere. Ni la kwao kulifanyia kazi watakapokuwa wachapishaji na wakutubi.

Tatizo kubwa kwetu ni nakala. Tuzo ya Burt, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2008 na shirika la CODE la Kanada na baadaye ikaenea Ethiopia, Ghana na Kenya, ilikuwa na akili moja ambayo nasikitika haikurithiwa: pamoja na kumzawadia mwandishi, ilihakikisha nakala za vitabu vilivyoshinda zinanunuliwa na kupelekwa mashuleni na maktabani. Mchapishaji alijua ana soko, na mtoto wa shule ya kata alikipata kitabu kingali kipya. Bila mpango wa namna hiyo, duara hulazimika kubuni. Nakala moja inaweza kusomwa kwa sauti, sura moja kila kikao, na watoto wakapokezana kusoma. Kusoma kwa sauti kuna faida ambayo kila mtoto na nakala yake hawaipati, kwani wote wanafika kwenye tukio kwa wakati mmoja na unasikia chumba kizima kikishusha pumzi. Ubaya wake ni kwamba mtoto hawezi kurudi nyuma peke yake kutafuta ushahidi, kwa hiyo kitabu kibaki mezani wakati wa mjadala na yeyote aruhusiwe kukichukua.

Siku ya kura, kila mtoto aandike jina la kitabu kimoja na sababu moja yenye ukurasa wake. Karatasi isiyo na ukurasa irudishwe kwa mwenyewe aikamilishe. Mtu mzima asipige kura, na asiseme angechagua kipi hadi kura zihesabiwe.

Tuzo zetu zinaweza kulifanya hili bila kungoja mfadhili. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 kwa riwaya na ushairi, kisha ikaongeza hadithi za watoto. Kenya ina Tuzo ya Jomo Kenyatta ya wachapishaji, yenye vipengele vya watoto na vijana kwa Kiswahili na Kiingereza. Katika zote mbili hadithi za watoto zinaamuliwa na watu wazima, na watoto hupata habari baada ya sherehe, kama wanaipata. Ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Orodha ya wanaowania kipengele cha watoto itangazwe muhula mzima kabla ya mshindi. Maktaba za mikoa na kaunti zipewe nakala mbili mbili za kila kitabu au kila mswada uliofika hatua hiyo. Shule zinazotaka zisome na kupeleka kura zao zenye sababu, na kitabu kilichochaguliwa na watoto kitajwe jukwaani usiku huo huo, hata kama si kile kilichochaguliwa na majaji. Vitabu vikiwa miswada bado, masimulizi ya watoto kuhusu mahali walipochoka au walipotatizika yatamfaa mhariri kabla ya kwenda mtamboni. Haya yote yanaweza kuanza na orodha ya mwaka ujao.